Gari Limeshatoka Gereji, Wewe Bado: Mwongozo Kamili wa Kukabiliana na Kiwewe Baada ya Ajali

Nilikuwa abiria, kiti cha mbele. Michubuko ilipona ndani ya wiki tatu, alama ya mkanda kifuani ikafifia, na kila aliyeniona alinipa pole na kusema ashukuriwe Mungu nimetoka mzima. Mguu wangu wa kulia haukuwa na habari hiyo. Kila nilipopanda gari ulikandamiza sakafu kwa nguvu, ukitafuta breki ambayo abiria hana. Nikishuka, paja linauma kama nimepanda mlima. Mguu ulikuwa bado unajaribu kusimamisha gari lililokwisha kugonga miezi miwili nyuma.

Kama unaelewa ninachosema, mwongozo huu ni wako, uwe ulikuwa dereva, abiria, mpita njia, au mtu uliyefika wa kwanza ukakuta wenzako wamenasa kwenye vyuma. Hauchukui nafasi ya daktari wala mwanasaikolojia, na mahali unapowahitaji nitasema waziwazi.

Kwanza elewa kinachokusumbua

Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka harusi ya mwaka juzi, unajua ni ya mwaka juzi. Kumbukumbu ya ajali mara nyingi hukaa vipande vipande: mlio wa tairi, harufu ya mfuko wa hewa uliofumuka, ladha ya damu mdomoni, taa za gari linalokuja upande wako. Vipande hivyo havina tarehe. Kimoja kikiguswa, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, huipiga kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Mwili unaitikia: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, shingo inakaza. Huo si woga wala upungufu wa imani. Kengele ni nzima, ila imepewa taarifa za zamani.

Tena si jambo la leo. Tarehe 9 Juni 1865 mwandishi Mwingereza Charles Dickens alikuwa kwenye treni iliyoacha reli huko Staplehurst, na behewa lake likabaki linaning'inia darajani. Hakuumia sana, hata aliwahudumia majeruhi, lakini baada ya hapo alikuwa akishikwa na hofu ya ghafla akiwa safarini, hata katika gari dogo la farasi. Mwaka uliofuata daktari mpasuaji John Eric Erichsen alichapisha mihadhara kuhusu watu wa aina hiyo, waliotoka kwenye ajali za treni wakionekana wazima kumbe hawako sawa. Yeye alidhani uti wa mgongo ndio uliotikiswa. Ilichukua zaidi ya karne moja, hadi 1980, kwa hali hii kuingia katika mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili kwa jina la PTSD, yaani msongo baada ya kiwewe.

Hatua ya 1: Wiki nne za mwanzo, usiharakishe

Katika siku za kwanza karibu kila mtu hutikisika. Unaota ajali, unaruka honi ikilia, unalia bila sababu, au huhisi chochote kabisa na unajiuliza kama umekuwa jiwe. Wengi hutulia wenyewe ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kazi ya kipindi hiki ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri: kula hata kama huna hamu, lala saa zilezile, tembea kidogo kila siku kadiri majeraha yanavyoruhusu, na usikae peke yako muda mrefu.

Kabla ya yote, hakikisha kichwa kimepimwa. Ukianza kutapika, kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi, kuona vitu viwiliviwili au kuumwa kichwa kunakozidi, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Jeraha dogo la ubongo na kiwewe vinafanana kwa mengi: usingizi mbaya, hasira, kusahau, kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Nimeona watu wakiambiwa ni mawazo tu kumbe kichwa kiligonga kioo. Mweleze daktari mambo yote mawili, kichwa na hofu, asije akatibu moja akaacha jingine.

Kuna mambo mawili ambayo watu wema watakushauri na ni bora uyakatae. La kwanza ni kulazimishwa kusimulia ajali yote, mwanzo hadi mwisho, siku mbili tatu baada ya tukio, ili "uitoe moyoni". Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 2013 lilisema vikao vya namna hiyo visitumike kama njia ya kuzuia kiwewe. Ukitaka mwenyewe kusimulia, simulia, kwa mtu unayempenda, kwa kiasi unachotaka. Usipotaka, kunywa chai yako kimya. La pili ni vidonge vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepamu. Miongozo hiyohiyo haipendekezi wapewe watu wenye dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, na baadaye vina tabia ya kumfanya mtu avitegemee. Pombe iko kwenye kundi hilohilo. Inakulaza saa tatu, inakuamsha saa nane usiku ukiwa umelowa jasho.

Hatua ya 2: Mwezi ukipita, jipime

Wataalamu husubiri zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kusema PTSD, na hutazama makundi manne ya dalili.

Kundi la kwanza ni ajali kurudi yenyewe: ndoto, picha zinazokuvamia, au dakika ambazo unahisi kabisa uko tena ndani ya gari lile. La pili ni kukwepa: hupiti njia ile, huangalii picha, hutaki kuzungumzia, umeacha kuendesha. La tatu ni mabadiliko ya mawazo na hisia, na hili ndilo linalopita bila kutambuliwa. Mtu anaanza kuamini kwamba barabara zote ni mauti, kwamba hakuna wa kuaminiwa, kwamba yeye ndiye mwenye kosa la kila kitu. Anapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, anajiona yuko mbali na watu aliokaa nao meza moja. La nne ni mwili kukaa macho muda wote: kushtuka ovyo, hasira za karibu, usingizi haba, kuangalia kioo cha nyuma kila sekunde.

Ukiwa na dalili katika makundi hayo yote, zimezidi mwezi, na zinakuharibia kazi, masomo au nyumba, muone mtaalamu. Anaweza kukupa dodoso linaloitwa PCL-5, lenye maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla inayofika kati ya 31 na 33 au kuzidi humfanya achunguze kwa undani. Alama peke yake si hukumu. Na usijitoe kwenye hesabu kwa sababu ulikaa sawa miezi ya mwanzo. Kwa baadhi ya watu hali kamili hujitokeza baada ya miezi sita au zaidi, mara nyingi pale maumivu ya mwili yamepungua na shughuli za hospitali zimekwisha.

Anza daftari. Kila inapokushika andika saa, mahali, kilichoanzisha, ukali wake kutoka 0 hadi 10, na ulichofanya. Mistari miwili inatosha. Baada ya wiki mbili utaona mambo ambayo hukuyajua. Mimi nilidhani naogopa magari yote. Daftari likanionyesha kwamba ni lori linalotokea upande wa kushoto, na mvua. Hofu yenye jina na upande unaweza kuifanyia kazi.

Kuna hali moja isiyosubiri daftari wala mwezi. Ukianza kuwaza kujiua, au kutamani ungekufa kwenye ajali ile, mwambie mtu leo na mwende hospitali leo, idara ya dharura. Usiendeshe mwenyewe kwenda huko.

Hatua ya 3: Jifunze kurudi kwenye saa ya leo

Picha ya ajali ikikuvamia, kubishana nayo hakusaidii. Kinachosaidia ni kuuonyesha ubongo ushahidi kwamba hii ni siku nyingine. Fungua macho. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Halafu sema tarehe ya leo na tofauti tatu kati ya hapa na kule: "Leo ni Jumanne. Gari hili ni jeupe, lile lilikuwa la bluu. Hakuna mvua. Anayeendesha ni dada." Watu wengi huishia kwenye vitu vitano na kusema njia hii haifanyi kazi. Nguvu yake iko kwenye zile tofauti tatu.

Kwa pumzi, sahau ushauri wa "vuta pumzi ndefu". Mtu mwenye hofu ameshavuta hewa nyingi mno, ndiyo maana vidole vinamfa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Mkazo uwe kwenye kutoa. Vuta puani kwa hesabu ya nne, toa mdomoni polepole kwa hesabu ya sita, kama unapoza uji. Fanya kwa dakika tano. Lifanyie mazoezi jioni ukiwa umetulia, kila siku. Usisubiri kujifunza kuogelea siku ya mafuriko.

Ikikukuta ukiwa unaendesha, washa taa ya ishara, punguza mwendo, toka barabarani mahali salama, vuta breki ya mkono na uwashe taa za tahadhari. Ndipo ufanye hayo. Usifunge breki katikati ya njia, na usijikaze uendelee ilhali hauoni vizuri.

Hatua ya 4: Usingizi na ndoto

Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala alfajiri. Ukikaa kitandani takriban dakika ishirini bila usingizi, toka, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kitu kisichosisimua, rudi usingizi ukija. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kupigania usingizi, kitakuwa kama barabara ile: ukikiona tu, mwili unakaza.

Ndoto inayojirudia ina dawa yake. Mchana, si usiku, iandike kama inavyokuja. Kisha ibadilishe sehemu yoyote unayotaka. Lori linageuka pikipiki ya kuchezea, barabara inageuka bahari, gari linasimama mapema na wewe unashuka kununua maji. Haihitaji kuwa na mantiki. Halafu ipitie ndoto mpya kichwani, kwa dakika kumi hadi ishirini, kila siku kwa wiki kadhaa. Ukiona kuandika ile ya zamani kunakutikisa kupita kiasi, anza na ndoto mbaya ndogo isiyohusu ajali, au fanya hili ukiwa na mtaalamu.

Hatua ya 5: Ngazi ya kurudi barabarani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu kukwepa kunalipa papo hapo. Unaghairi safari, unahisi nafuu, na ubongo unaandika: tumepona kwa sababu hatukwenda. Kesho unaghairi safari fupi zaidi. Nafuu ile ndiyo inayolisha hofu. Njia ya kutoka ni kukaribia kidogo kidogo, kwa mpango, na kukaa pale mpaka mwili ujifunze kwamba kengele ilipiga na hakuna kilichotokea.

Chukua daftari lako. Orodhesha hali kumi hadi kumi na tano zinazohusu magari na uzipe alama kutoka 0, utulivu kabisa, hadi 100, hofu isiyo na kifani. Zipange kama vipandio vya ngazi. Ngazi ya mtu mmoja inaweza kuwa hivi:

- Kuangalia picha ya gari la aina ile: 20
- Kukaa kiti cha abiria, gari limezimwa, milango wazi: 30
- Kukaa kiti cha dereva, mkanda umefungwa, injini inanguruma: 40
- Kuzunguka uwanja usio na magari, mchana: 50
- Kuendeshwa na mtu mtulivu kwenye barabara ndogo: 55
- Kuendesha mwenyewe barabara hiyo, na mtu pembeni: 65
- Kuendesha peke yako mwendo mfupi: 75
- Barabara kuu, saa ya msongamano: 85
- Kupita pale pale palipotokea ajali: 95

Yako itakuwa tofauti. Kwa baadhi ya madereva kuendeshwa na mwingine ndiyo 90, kwa sababu usukani hauko mikononi mwao. Anza na kipandio cha 30 au 40, si cha 10 kisichofundisha kitu, wala si cha 95 kwa sababu shemeji amesema "ukianguka kwenye baiskeli unapanda tena hapo hapo".

Nikueleze kipandio changu cha tatu kwa karibu, maana maelezo ya jumla hayasaidii sana. Gari limeegeshwa nyumbani, injini inanguruma, breki ya mkono juu. Nafunga mkanda. Mlio wa mkanda kubana, ule "tak" mdogo, ndio ulionipandisha hadi 60 badala ya 40 niliyoandika. Dakika ya tatu niko 70, mguu unakandamiza, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Natoa mkono kwenye kitasa na kuuweka pajani. Sichezi na simu, siweki muziki. Nasema ninachokihisi kama mtangazaji wa mpira: moyo unadunda, koo limekauka, harufu ya kiti. Dakika ya kumi na mbili, 55. Dakika ya ishirini na tano, 30, na nimeanza kuchoka, hata kuona zoezi linachosha. Uchovu huo wa kukosa la kuogopa ndio niliokuwa nautafuta kipandio chote. Kesho yake nikaanzia 45. Siku ya tano, 20, nikapanda kipandio kinachofuata.

Kanuni ni chache. Kaa mpaka hofu ipungue kwa kama nusu, au mpaka uone kwamba jambo uliloliogopa halikutokea. Ukitoka ikiwa kileleni, umefundisha ubongo kwamba kutoka ndiko kulikokuokoa. Rudia kila siku au karibu kila siku. Mara moja kwa wiki ni kama kuanza upya kila mara. Andika alama kabla, katikati na baada.

Kisha kuna vijitabia vya usalama, na hivi ni vijanja. Kushika kitasa kwa nguvu, kuendesha mwendo wa konokono hadi walio nyuma wanapiga honi, kumwelekeza dereva kila kona, kufumba macho ukipishana na lori, kusafiri na mtu fulani tu. Vinakufikisha, lakini ubongo unavipa sifa vyote. Viache kimoja kimoja, kama kipandio chenyewe. Mguu wangu niliuponya kwa kukunja vidole vya miguu na kuvilegeza, kisha kuketi nyayo zikiwa nyuma, chini ya kiti. Mkanda wa usalama haumo kwenye orodha hii. Huo unafungwa siku zote, kama vile kuangalia vioo na kuacha nafasi na gari la mbele. Tahadhari ni ile ambayo dereva mzuri asiyepata ajali angeifanya pia. Iliyozidi hapo ni hofu imevaa sare.

Usifanye zoezi la kuendesha ukiwa na dawa zinazosinzisha, ukiwa hujalala, ukiwa umekunywa, au kama daktari hajakuruhusu kuendesha. Kama unapata dakika za kutojitambua, za kuamini uko ndani ya ajali, basi vipandio vya usukani visubiri. Fanya vya abiria kwanza, na mtafute mtaalamu. Na kama leseni ni mpya au mikono imesahau, lipia masomo mawili matatu kwa mwalimu wa udereva mwenye gari lenye breki mbili. Si aibu.

Hatua ya 6: Swali la "ningejua"

Ningeondoka mapema. Ningepita njia nyingine. Nisingemwomba anifuate. Maneno haya huwatesa hata watu waliokuwa wamesimama kwenye taa nyekundu wakagongwa kwa nyuma. Unajihukumu kwa habari ulizozipata baadaye, wakati siku ile hukuwa nazo.

Jaribu zoezi hili la karatasi. Chora duara. Andika pembeni kila kilichochangia ajali: mwendo wa gari lile jingine, utelezi, tairi, giza, uchovu, kona isiyo na alama, simu, na wewe. Gawa duara kuanzia kwa vitu vingine, ujiweke wa mwisho. Mara nyingi kipande kinachobaki ni chembamba kuliko ulivyobeba moyoni.

Wakati mwingine si chembamba. Kuna mtu anayesoma hapa ambaye kweli alikuwa ameshika simu, au alisinzia, na mtu akafa. Kwako sitasema usijali. Hatia ya kweli haiondolewi kwa duara. Itahitaji mtaalamu na muda, pengine kiongozi wako wa dini, na huenda njia ya kuomba radhi au kufidia, ambayo kabla hujaichukua uzungumze na mwanasheria. Ila kujinyima usingizi na chakula hakumrudishii yeyote kitu.

Hatua ya 7: Tiba, na maswali ya kuuliza

Tiba zilizothibitika zaidi ni za mazungumzo yanayoigusa ajali yenyewe. Tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe hufanya kazi ya vipandio na ya hatua ya sita kwa undani. Tiba ya kukabili kwa muda mrefu, iliyoendelezwa na mwanasaikolojia Edna Foa, hukufanya usimulie ajali kwa wakati uliopo, macho yamefumbwa, tena na tena, hadi inageuka hadithi yenye mwanzo na mwisho. EMDR, tiba ya mwendo wa macho iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, hukufanya uikumbuke ajali huku macho yakifuata kidole au mwanga kulia na kushoto. Wataalamu bado wanabishana kwa nini macho yanasaidia, lakini tiba yenyewe imo kwenye miongozo mikubwa. Kwa ajali moja, vikao huwa mara nyingi 8 hadi 12.

Tofauti na kile kikao cha kulazimishwa cha wiki ya kwanza, hapa unakwenda kwa hiari, kwa mpango, na mtu anayejua lini asimame.

Upande wa dawa, sertralini na paroksetini zimeidhinishwa Marekani kwa ajili ya PTSD. Huchukua wiki kadhaa kuonekana, na haziachwi ghafla. Zinaweza kwenda pamoja na mazungumzo.

Ukimpata mtaalamu, muulize: umewahi kutibu watu wa ajali? Unatumia njia gani? Tutaigusa ajali yenyewe au tutazungumza maisha tu? Tutajuaje kama ninapona? Mtaalamu mzuri hatakasirika. Akikwambia vikao ishirini vya kusikilizwa bila mpango, shukuru utafute mwingine. Wiki mbili tatu za mwanzo unaweza kuhisi umezidiwa zaidi, kwa kuwa umeacha kukwepa, mwambie, usikimbie.

Na maumivu yatibiwe pia. Shingo inayouma kila ukigeuka ni kengele nyingine inayokukumbusha ajali mara mia kwa siku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuwa sehemu ya tiba ya kiwewe bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 8: Watu wa nyumbani

Waambie unachotaka, kwa sentensi fupi. "Nikishtuka, usicheke, niambie tu tuko wapi." "Punguza mwendo, usiniulize sababu." Kwa anayeendesha: usimkaripie abiria anayekandamiza sakafu, wala usimwonyeshe jinsi ulivyo fundi wa kupita magari. Acha nafasi kubwa mbele, mwambie mapema unapotaka kubadili njia.

Msimfanyie kila kitu pia. Familia ikimpeleka na kumrudisha kila mahali kwa mwaka mzima, kwa upendo, imejenga ukuta. Watoto waliokuwemo garini wataicheza ajali kwa vigari vyao. Waache, kaa karibu, jibu maswali kwa ukweli mfupi. Mchezo ukiwa uleule kwa zaidi ya mwezi na mtoto hachangamki, au ameanza tena kukojoa kitandani, mpeleke kwa daktari.

Hatua ya 9: Makaratasi, na siku zenye tarehe

Bima, polisi na mahakama vitakurudisha kwenye ajali wakati usioupanga. Andika maelezo yako mara moja, kwa utulivu, uweke nakala. Ukiulizwa, soma badala ya kukumbuka upya. Mpe mtu mwingine kazi ya kufungua picha za gari. Panga simu hizo asubuhi, si kabla ya kulala, na uwe na jambo la kufanya baada yake. Ukienda kutoa ushahidi, omba kujua mapema kama utaonyeshwa picha au kukaa karibu na dereva yule.

Mwaka ukitimia, mwili utakumbuka kabla ya kalenda. Wiki ile panga vipandio vyepesi na mtu wa kuwa naye. Vivyo hivyo ukinusurika kugongwa tena, au ukipita penye ajali ya wengine: alama zinaweza kuruka kutoka 15 hadi 70 kwa siku moja. Shuka vipandio viwili, vifanye siku tatu mfululizo, panda tena. Mara yangu ya mwisho ilikuwa mvua, lori, upande wa kushoto. Mguu ukakandamiza. Nikakunja vidole, nikavilegeza, nikarudisha nyayo chini ya kiti, na daftarini nikaandika 40, saa kumi na moja jioni.